Raman: Mtafiti wa Ngoma na Nuru

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India. Ingawa alihitimu shahada ya uzamili katika fizikia akiwa na umri wa miaka 18 tu, utafiti haukuwa kazi ya kumpatia mtu riziki wakati huo. Hivyo basi, mwaka 1907 aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali ya kikoloni mjini Calcutta. Mchana alikagua hesabu. Alfajiri na jioni alishinda maabarani.

Utafiti wake wa awali ulihusu sauti. Alidhihirisha kwamba kibandiko cheusi kilicho juu ya ngozi ya tabla na mridangam huiongezea ngozi uzito, mitetemo yake ikapatana, na ngoma ikatoa sauti zenye ulinganifu wa kimuziki badala ya kishindo kitupu.

Mwaka 1917 aliacha cheo chenye mshahara mnono, akakubali uprofesa wa malipo duni katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Miaka minne baadaye, akirejea kwa meli kutoka Uingereza, alivutiwa na ubuluu wa Bahari ya Mediterania. Lord Rayleigh alikuwa ameshikilia kwamba rangi hiyo ni taswira ya anga tu. Raman aliizuia nuru iliyoakisiwa kwa kutumia mche maalumu, lakini ubuluu haukutoweka. Kumbe molekuli za maji zenyewe ndizo zilizoitawanya nuru!

Tarehe 28 Februari 1928, akisaidiana na K. S. Krishnan, alibaini jambo kubwa zaidi. Nuru ya rangi moja inapopita katika kimiminika, sehemu ndogo mno hutoka ikiwa na urefu tofauti wa wimbi, kwa kuwa imebadilishana nishati na mitetemo ya molekuli. Kila mada hutoa alama yake mahususi. Landsberg na Mandelstam mjini Moscow walikuwa wameliona jambo hilo katika fuwele siku chache kabla, ila Raman aliwatangulia kulichapisha. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 alipewa yeye peke yake, na suala la mchango wa Krishnan likabaki kuwa mjadala.

Raman alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970. Hadi leo, mbinu yake hutumika kutambua dawa, vito na rangi za michoro ya kale bila kuviharibu. Mcheza kwao hutuzwa: ugunduzi huo ulifanyika Calcutta, kwa vifaa vya kawaida kabisa.