Dkt. Livingstone na Simba wa Mabotsa

Sisi wakazi wa Rasbura twamkumbuka Dkt. David Livingstone kwa sababu ya jirani zetu wa Mikindani, alikopita mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Lakini habari tunayoieleza leo ni ya zamani zaidi. Ilimpata Mabotsa, Afrika ya Kusini, mwaka 1844, alipokuwa bado kijana.

Simba walikuwa wakiwamaliza ng'ombe wa wenyeji, naye akatoka pamoja nao kuwawinda. Alimpiga mmoja risasi. Alipokuwa akishindilia bunduki tena, simba akamrukia, akamkamata begani na kumtikisatikisa. Mwalimu Mebalwe, mwenyeji wa huko, alipomlenga, simba akamwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe paja, kisha akamwuma na mtu wa tatu. Ndipo risasi za kwanza zikamshinda, akaanguka akafa.

Ajabu ni hii: kinywani mwa simba Livingstone hakuona uchungu wala hofu, ingawa alijua yote yanayotendeka. Yeye alikuwa daktari, akajifananisha na mgonjwa aliyetiwa nusukaputi kidogo, aonaye kisu asikisikie. Akaiita rehema ya Muumba.

Nasi tumeyaona haya kwa mtu aliyejikata panga shambani: hufika nyumbani kwanza, ndipo alie. Mwaka 1975 huko Aberdeen, Scotland, nchi aliyozaliwa Livingstone, mabwana John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba ubongo hutengeneza dawa yake wenyewe, ifanyayo kazi kama morfini. Dawa za jamii hiyo huitwa endofini. Wakati wa hatari huzuia habari ya maumivu isipite, ili mtu apate kujiokoa kwanza.

Lakini dawa hiyo haidumu, wala haiungi mfupa. Mkono wake wa kushoto ulivunjika, ukawa na alama 11 za meno, na haukupona sawasawa. Tena mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao walipomchukua kwa machela kwenda Chitambo, aliwaomba mara kwa mara wamweke chini kwa ukali wa maumivu. Safari hiyo mwili haukumficha neno.

Alikufa huko. Wenzake wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa ule ule wa mkono wa kushoto.