LEONHARD EULER: KIPOFU ALIYELIJUA GURUDUMU

Hapa kwetu Kona ya Musa baiskeli hazihesabiki. Ukiipindua moja juu chini ukasukuma gurudumu kwa mkono, litazunguka. Je, litaongeza kasi kiasi gani? Aliyetuonyesha njia ya kulipigia hesabu jambo hilo ni Leonhard Euler, nami nataka tumjue.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, akataka kijana naye afuate nyayo zake. Lakini Johann Bernoulli, bingwa wa hesabu, alikiona kipaji chake, akamwombea kwa babake, basi akaachiwa asome hesabu. Mwaka 1727 akaenda St Petersburg, Urusi. Mwaka 1741 akahamia Berlin.

Lo! Masaibu nayo yalimwandama. Jicho la kulia lilipofuka akiwa na miaka 30 na ushei. Kati ya watoto wake 13, 8 walifariki wangali wadogo.

Hata hivyo, mwaka 1765 alitoa kitabu juu ya mwendo wa vitu vigumu. Humo alieleza momenti ya inesha, yaani ukaidi wa kitu kinapozungushwa. Hesabu yenyewe si ngumu ati! Tuseme unasukuma ukingo wa gurudumu kwa kani ya nyutoni 12, na nusu kipenyo ni mita 0.3. Zidisha: momenti ya kani ni 3.6. Gurudumu likiwa na kilo 2, zote ziko ukingoni, inesha ni 2 mara 0.3 mara 0.3, yaani 0.18. Gawa 3.6 kwa 0.18, unapata mchapuko wa radiani 20 kwa sekunde mraba. Kilo hizo zingekuwa karibu na ekseli, gurudumu lingetii upesi zaidi.

Mwaka 1766 alirudi Urusi, na jicho lililobaki likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 nyumba yake ikaungua, akaokolewa motoni. Wapi, hakukoma! Alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Karibu nusu ya kazi zake zilitoka wakati huo. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783.

Wenzangu, kidato cha tatu ndipo tunapochagua masomo, na wengi wanaikimbia Fizikia wakidai ni giza tupu. Mimi nimebaki nayo. Euler alikuwa gizani kwelikweli, na bado alihesabu.