Sidi Mubarak Bombay, mnyapara aliyevuka Ukonongo kuelekea Ujiji

MISITU ya Ukonongo, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Katavi, ilipitiwa mwaka 1871 na msafara uliokuwa ukimsaka mmisionari wa Uingereza, Dk. David Livingstone.

Sifa za safari hiyo zilimwendea mwandishi wa habari Henry Morton Stanley. Hata hivyo, mnyapara wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameshayaona Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyanza na Mto Nile.

Bombay alizaliwa miaka ya 1820 katika kabila la Wayao. Akiwa kijana mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akapelekwa Kilwa, kisha Zanzibar na hatimaye India, ambako alitumikishwa kwa miaka mingi.

Bwana wake alipofariki dunia, aliachwa huru na kurejea Zanzibar, akajiunga na askari wa Sultani. Alikuwa katika ngome iliyo karibu na Mto Pangani pale Richard Burton na John Speke walipomwajiri mwaka 1857.

Mwaka uliofuata walifika Ziwa Tanganyika, na baadaye akaandamana na Speke hadi Ziwa Nyanza. Kati ya mwaka 1860 na 1863 alitembea tena na Speke, safari hii pamoja na James Grant, kutoka pwani hadi Uganda, wakafuata Nile na kutokea Misri.

Stanley alipomwajiri mwaka 1871, njia ya kawaida kati ya Tabora na Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo. Ikabidi msafara uzunguke kusini, kupitia Ukonongo.

Kabla ya kuingia huko, wapagazi waligoma karibu na Mto Gombe, wakitaka kuendelea kupumzika. Baadhi yao walimwelekezea Stanley bunduki. Baada ya hali kutulia, Bombay alituhumiwa kuwa mchochezi, akapigwa kwa mpini wa mkuki na kutiwa minyororo mpaka alipoomba radhi.

Pamoja na fedheha hiyo, alifunguliwa na kuendelea na kazi yake. Kazi ya mnyapara haikuwa ndogo. Ndiye aliyegawa posho, kuhesabu mizigo na kusuluhisha ugomvi.

Huko Ukonongo msafara ulipumzika kwa Mtemi Mrera, kisha ukageukia kaskazini magharibi kuelekea Malagarasi. Njiani chakula kiliwaishia, wakasumbuliwa na njaa katika nchi isiyo na watu. Mwishoni mwa mwaka huo walifika Ujiji na kumkuta Livingstone.

Mapema mwaka 1872 Bombay alipita tena Ukonongo, akirejea Tabora na msafara uliowachukua Stanley na Livingstone kwa pamoja.

Mwaka 1873 aliongoza msafara wa Verney Lovett Cameron, ulioanzia pwani ya Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Angola mwaka 1875. Kwa kufanya hivyo akawa miongoni mwa watu wachache wa zama zake waliolivuka bara la Afrika kutoka mashariki hadi magharibi.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku medali ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni. Alifariki dunia Zanzibar mwaka 1885.

Mwaka huohuo Ujerumani ilianza rasmi kudai nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Ramani za njia alizozikanyaga Bombay zilikuwa zimeshachapwa Ulaya, nazo zilibeba majina ya waliomwajiri. Kwake yeye, aliyetolewa kwao akiwa mtumwa na akarudi kuitembea Afrika akiwa mtu huru, hapakuandikwa ziwa, mlima wala mto.