Walter Scott na jumba la Abbotsford

Walter Scott, mtunzi mashuhuri wa riwaya, alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1771. Mwaka 1811 alinunua shamba kando ya mto Tweed, lenye nyumba ndogo ya mkulima. Kwa chumo la vitabu vyake akajenga pale, na ilipofika 1824 palisimama jumba la fahari, Abbotsford: minara mfano wa ngome, kuta zilizopanda ngazi ngazi hadi kwenye paa, na mawe yaliyotolewa katika majengo ya kale. Hata mlango wa jela kongwe ya Edinburgh, iliyobomolewa 1817, aliutia ukutani. Matajiri wengi wa Uskoti waliuiga mtindo huo.

Lakini mwaka 1826 matbaa aliyokuwa na ushirika nayo ilifilisika, akabebeshwa deni la zaidi ya pauni 120,000. Scott hakulikimbia. Aliweka mali yake mikononi mwa wadhamini, naye akajifungia kuandika mpaka afya ikamwishia. Alifariki Septemba 1832 humo humo Abbotsford, deni halijesha. Vitabu alivyoviacha ndivyo vilivyolimaliza. Dawa ya deni ni kulipa.