Louis Leakey na Mawe ya Kale

Mahali paitwapo Kabete, katika nchi ya Wakikuyu karibu na Nairobi, alizaliwa Louis Leakey tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa Waingereza, wamisionari. Yeye alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaijua lugha yao kama mwenyeji, hata akaingizwa katika rika pamoja nao.

Alipokaribia umri wa miaka kumi na mitatu, jamaa yake wa Uingereza alimpelekea kitabu chenye habari za watu wa kale, waliotumia zana za mawe kabla chuma hakijajulikana. Kitabu kile kilimshika moyo. Basi mvua iliponyesha na kuosha udongo njiani, yalionekana mawe meusi yenye makali, yang'aayo kama kioo. Wakikuyu waliyaita nyembe za mizimu. Louis akayaokota, akayaweka. Wakubwa wengine walimcheka. Lakini alipoyapeleka katika nyumba ya makumbusho ya Nairobi, mtunzaji wake, Arthur Loveridge, hakucheka. Aliyatazama, akamweleza kwamba mengine ni mawe tu, bali mengine yamechongwa kwa mikono ya watu. Tangu hapo kijana alijua atakalolifanya maishani.

Mwaka 1922 akaingia chuo cha Cambridge. Akaumia kichwa mchezoni, akakatazwa masomo kwa muda. Na mwaka 1924 akaja katika nchi yetu, Tendaguru, bara ya Lindi, kusaidia kuchimba mifupa ya dinosaria. Mwaka 1931 akafika Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani, wakaona mashoka ya mawe mengi.

Halafu likampata jambo zito. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, lilionekana taya la mtu, naye akatangaza kuwa ni la kale mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Boswell, akasafiri kutoka Uingereza kwenda kupaona mahali penyewe. Lakini vigingi vya chuma vilivyowekwa kuwa alama vilikuwa vimekwisha kung'olewa, maana chuma kina kazi nyingi kijijini, na picha hazikufaa. Leakey akashindwa kupaonyesha. Taya lilikuwapo, lakini shahidi wake, yaani mahali lilipolala, amepotea. Wenzake wakaacha kumwamini, ikawa miaka mingi kabla hajapata tena heshima yake.

Mwaka 1941 akawa mtunzaji wa makumbusho ya Coryndon, Nairobi, bila mshahara kwanza. Wageni wake walikuwa Wazungu hasa. Akajitahidi Waafrika na Wahindi nao waingie.

Katika miaka ile ya vita, yeye na mkewe Mary walifika Olorgesailie, katika nchi ya Wamasai, njia ya kwenda Magadi. Wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa chini kwa wingi wa ajabu. Shoka la namna hii halina mpini: ni jiwe lililochongwa pande mbili likashikwa kwa mkono. Leo twajua kwamba mengine yana umri wa karibu miaka 1,000,000. Ilikuwa rahisi kuyajaza masandukuni yote. Nao walichukua baadhi yake, lakini pengine wakayaacha palepale, ikajengwa njia ya mbao iliyoinuka, ili watu wapite juu wakitazama bila kuyakanyaga. Nadhani habari ya Kanam ilikuwa bado moyoni mwake. Mwaka 1947 wataalamu wa mambo ya kale walikutana Nairobi wakapelekwa huko, na mwaka uo huo mahali pale pakafunguliwa kwa watu wote.

Sisi wa Mbebe tusistaajabu. Kimondo cha Mbozi, jirani zetu, nacho kimeachwa kilipoanguka, ardhi ikachimbwa kukizunguka. Atakaye kukiona hukifuata.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary aliona huko Olduvai fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus, mwenye umri wa miaka 1,750,000 hivi. Fuvu halikuweza kuachwa juani, likapelekwa Nairobi kuchunguzwa. Lakini halikukaa huko. Mwaka 1965 lilirudishwa Tanzania, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Leakey alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mashoka ya Olorgesailie yangaliko palepale.