Tawi Lililochoka Kujikakamua

Inawezekana ratiba yako imejaa kazi ya Mungu na bado ndani umekauka. Unaimba, unafunga, unatoa, lakini ukibaki peke yako uombe, maneno yanaisha baada ya dakika mbili. Mimi pia nimewahi kupanda madhabahuni hivyo. Wiki hii tumwangalie mtumishi aliyepitia hapo: Hudson Taylor.

Taylor alizaliwa Barnsley, Uingereza, mwaka 1832. Akiwa na miaka 21 alipanda meli kwenda China kuhubiri Injili. Mwaka 1865 alianzisha China Inland Mission. Alifungua akaunti ya benki kwa pauni 10 tu, akamwomba Mungu watenda kazi 24. Mwaka uliofuata alirudi China na familia yake pamoja na kundi la wamishenari. Nilisomea biashara, na kwa macho ya biashara kazi ilikuwa inakua: watu wanaongezeka, vituo vinafunguliwa. Lakini vitabu vya hesabu havina safu ya kuandika hali ya moyo.

Mwaka 1867 alimzika binti yake Grace, mtoto wa miaka 8. Mwaka 1868, mjini Yangzhou, umati ulivamia nyumba yao na kuwasha moto. Mkewe Maria alikuwa mjamzito, na ilibidi aruke kutoka ghorofani. Huko Uingereza watu wakamlaumu Taylor kwamba ndiye aliyeleta shida.

Kufikia 1869 alikuwa mkavu. Alifanya vile sisi hufanya: aliomba zaidi, akafunga, akaweka maazimio. Kila asubuhi alianza na nia njema, na kila jioni alijihukumu kwa kuwa na hasira za haraka na kumsahau Bwana katikati ya kazi. Alijua kila kitu anachohitaji kiko kwa Kristo, ila hakujua atakipataje. Alidhani shida ni imani ndogo, basi akajikakamua aongeze imani. Haikuongezeka.

Septemba mwaka huo, akiwa Zhenjiang, alipata barua kutoka kwa mmishenari mwenzake, John McCarthy, ambaye naye alikuwa ametafuta jambo hilo hilo. McCarthy alimweleza kwamba imani haikui kwa kuhangaikia imani, bali kwa kumtazama Yeye aliye mwaminifu. Hapo Taylor akaiona Yohana 15 upya. Tawi halihangaiki kuvuta maji kutoka kwa mzabibu. Liko ndani yake tayari, kazi yake ni kukaa. Alikusanya waliokuwa naye nyumbani akawashirikisha.

Kazi haikupungua, wala shida. Mwaka 1870 alimpoteza mwanawe Samuel, kisha mtoto mchanga Noel, na mwezi Julai Maria mwenyewe, akiwa na miaka 33. Taylor alilia kama mtu yeyote. Lakini safari hii hakuwa anajishikilia kwa Mungu kwa nguvu zake, alijua ameshikwa. Alihudumu miaka mingine 35, akafariki Changsha mwaka 1905. Wakati huo misheni ilikuwa na wamishenari zaidi ya 800.

Mpendwa, ona kwamba msaada ulikuja kupitia kwa ndugu aliyekubali kusema ukweli kuhusu ukavu wake. Kama McCarthy angejifanya yuko sawa, ile barua haingeandikwa.

Kwa hivyo wiki hii usijiongezee mzigo. Soma Yohana 15 polepole kila asubuhi, mistari michache tu, halafu unyamaze mbele za Bwana bila kuomba kitu. Pia tafuta ndugu au dada mmoja unayemwamini, umwambie hali yako ilivyo. Usimwambie uko sawa kama hauko.

Mungu akubariki, tuonane Jumapili.