Kazi isiyo na jina haipotei mbele za Mungu



Kama unaishi Mbagala, Chamazi au Mbande, usiku mmoja wa Desemba umeme ukikatika na mwezi ukiwa haujachomoza, toka nje utazame kusini. Giza likiwa la kutosha utaona mabaka mawili hafifu kama moshi, ambayo upepo hauyasogezi. Ni makundi makubwa ya nyota, yaitwayo Mawingu ya Magellan. Mwanamke aliyetumia miaka mingi kuyachunguza hakuweza kuyaona kutoka mji aliofanyia kazi, kwa kuwa kule Cambridge, Marekani, hayachomozi kamwe.

Mwanamke huyo ni Henrietta Swan Leavitt, aliyezaliwa Julai 4, 1868, binti wa mchungaji, naye akawa mshiriki mwaminifu wa kanisa lake hadi mwisho. Hakuwa mnajimu wa kupiga ramli. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Alihitimu masomo ya juu mwaka 1892, kisha akaanza kujitolea katika kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye aliajiriwa kwa senti 30 kwa saa. Masikio yake yalikuwa yakififia, na hatimaye akawa kiziwi.

Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kukagua picha za vioo zilizopigwa Peru, akitafuta nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua. Ilihitaji macho na subira. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 za aina hiyo katika mawingu yale mawili. Mwaka 1912, akitumia nyota 25 tu, alionyesha kwamba kadiri nyota ya namna fulani inavyong'aa zaidi, ndivyo inavyochukua muda mrefu zaidi kuongeza na kupunguza mwanga wake.

Tuelewe uzito wa jambo hilo. Usiku pwani ya Kunduchi huonekana taa za wavuvi wa dagaa. Kama ungejua kwamba taa zote zina nguvu sawa, ungetambua kuwa ile hafifu iko mbali zaidi. Leavitt alitupa njia ya kujua nguvu ya taa za mbinguni. Ukihesabu siku ambazo nyota inachukua, unajua mng'ao wake halisi, na ukiulinganisha na mwanga unaotufikia, unapata umbali.

Taarifa ile ya mwaka 1912 ilikuwa na kurasa tatu tu. Ilieleza kwamba aliyeiandaa ni Leavitt, lakini iliyowekwa chini yake ni sahihi ya mkuu wa kituo, Edward Pickering. Wala Leavitt hakuachiwa nafasi ya kuendeleza alichogundua. Alipangiwa kupima mng'ao wa nyota nyingine za upande wa kaskazini, naye akaifanya kazi hiyo vizuri.

Alifariki kwa saratani Desemba 12, 1921, akiwa na umri wa miaka 53. Mali aliyomwachia mama yake ilizidi kidogo dola 300.

Miaka miwili baadaye, Edwin Hubble aliona nyota ya aina ile katika Andromeda. Kwa kanuni ya Leavitt akapima umbali, na ikajulikana kuwa Andromeda iko mbali sana, nje kabisa ya kundi letu la nyota. Mwaka 1925 mtaalamu wa hesabu kutoka Sweden, Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilifika mama yule akiwa kaburini.

Siku hizi msomi hupimwa kwa wingi wa machapisho yake na mara ambazo wenzake wameyarejea. Leavitt alichapisha machache, lakini vipimo vya umbali wa anga bado vinaegemea kurasa zile tatu, na wataalamu wengi sasa huiita kanuni hiyo Sheria ya Leavitt.

Mpendwa, Zaburi 147 inatufundisha kwamba Mungu anayeganga waliovunjika moyo ndiye anayezihesabu nyota na kuzipa majina. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, aya ya 3 na ya 4. Asiyesahau jina la nyota hatasahau jina lako wewe unayefundisha watoto Jumapili, unayefagia kanisa alfajiri, au unayeandika ripoti ofisini ikasomwa kwa jina la bosi.

Lakini tusiifanye subira ya Leavitt kuwa kisingizio. Kama wewe ni mchungaji, mwenyekiti wa kwaya au mkuu wa idara, jiulize leo ni kazi ya nani umeitia sahihi yako. Mtaje mbele ya watu, na umlipe haki yake angali hai. Mungu hakumsahau Leavitt. Waliochelewa ni wanadamu.

Nakutakia Jumapili yenye baraka. Amina.